Kidonda kina miezi, slaidi haina kitu: kupima maambukizi ya ngozi kwa hadubini moja

Msomaji mmoja ameuliza: "Nafanya kazi katika maabara ndogo ya kituo cha afya. Tuna hadubini moja, rangi za kupaka slaidi za Giemsa, Gram na Ziehl-Neelsen, pamoja na KOH (potasiamu hidroksidi, kemikali ya kulainisha tishu). Hatuna PCR (kipimo cha kutafuta vinasaba vya vimelea) wala uwezo wa kuotesha vimelea. Naletewa swabu (vijiti vya pamba) za vidonda sugu vya ngozi, na karibu zote naishia kuandika 'hakuna kilichoonekana'. Madaktari wameacha kuniamini, kila mgonjwa anapewa antibayotiki tu. Je, kwa vifaa hivi kuna ninachoweza kubaini? Na tukipata fedha kidogo, tununue nini kwanza?"

Ndugu yangu, kipo, tena kingi. Kwa maelezo yako, tatizo linaanza kabla sampuli haijafika mezani kwako. Liko kwenye ile swabu. Aliyeipitisha juu ya kidonda wazi amekuletea usaha, damu iliyoganda na bakteria wa kawaida wanaoweka makazi juu ya kidonda chochote kilichokaa muda mrefu. Vimelea tunavyovitafuta katika maradhi haya havikai hapo. Leishmania, vimelea vya seli moja, wamo ndani ya seli za ukingo uliovimba. Bakteria wa ukoma wako ndani ya ngozi yenyewe, hawako juu yake. Mycobacterium ulcerans, anayesababisha kidonda cha Buruli, yuko kwenye mafuta yaliyokufa chini ya kingo zilizochimbika. Fangasi wa maisetoma, ugonjwa unaovimbisha mguu, yumo ndani ya punje, yaani vibonge vidogo vya vimelea, na punje zimo ndani ya nyama ya mguu. Ukiletewa swabu ya katikati ya kidonda, hata ungekuwa na mashine ya mamilioni, majibu yangekuwa hayo hayo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoutilia mkazo kuliko yote: acha kupokea swabu za juu ya kidonda, na uanze kuchukua sampuli mwenyewe, au umfundishe muuguzi mmoja aifanye kazi hiyo vizuri kila mara. Mwone mgonjwa. Muulize kidonda kina muda gani, kilianza kama nini, kinauma au hakiumi, ameishi au kusafiri wapi, na ametumia dawa gani. Majibu hayo yanakuelekeza rangi ipi uitangulize. Kidonda kikubwa chenye kingo zilizochimbika ambacho hakiumi sana kinanipeleka kwenye Buruli. Doa lililopauka na lenye ganzi linanipeleka kwenye ukoma. Mguu uliovimba, mgumu, wenye matundu yanayotoa punje, hilo ni maisetoma mpaka ithibitike vinginevyo. Fomu iliyoandikwa "kidonda, pima" irudishe kwa aliyeiandika, kwa heshima, ukimwomba ajaze yaliyobaki.

Nianze na leishmania ya ngozi, maana hapa ndipo mkono wa mchukuaji unapoonekana waziwazi. Safisha kidonda, lainisha kigaga kwa maji ya chumvi na ukiondoe. Sasa shika ukingo ulioinuka kwa vidole viwili na uufinye mpaka upauke. Ukiendelea kuufinya hivyo, kata mchirizi mdogo kwa bledi namba 15, kisha geuza bledi na ukwangue kuta za mchirizi huo. Unachotaka ni majimaji na vipande laini vya tishu, si damu. Damu ikijaa kwenye slaidi inazipunguza seli unazozitafuta na kukufichia zilizobaki. Ikianza kutoka, ifute, finya tena, subiri, kwangua upya. Tandaza utando mwembamba kwenye slaidi mbili au tatu, acha zikauke zenyewe, zigandishe kwa methanoli kwa dakika 1 hadi 2, halafu weka Giemsa ya 10% iliyochanganywa na bafa (maji yanayotunza kiwango cha asidi) ya pH 7.2 kwa dakika 20 hadi 30.

Kwenye lenzi ya mara 100 usikimbilie kuhesabu vidoti vya zambarau. Umbo la leishmania kwenye tishu ni duara au yai, lina maikromita 2 hadi 4, yaani kama robo hadi nusu ya upana wa chembe nyekundu ya damu. Liwe na vitu viwili ndani yake: kiini kikubwa, na pembeni yake kinetoplasti, kijiti kifupi chenye rangi iliyokolea zaidi. Ukiona kiini bila kinetoplasti, usiandike leishmania. Inaweza kuwa chembe sahani ya damu, uchafu wa rangi, au Histoplasma, fangasi mwenye ukubwa kama huo huo ambaye naye hukaa ndani ya seli, ila yeye hana kinetoplasti na mara nyingi amezungukwa na duara jeupe. Tafuta pia nje ya seli, kwa sababu seli hupasuka wakati wa kutandaza na vimelea hutawanyika.

Umri wa kidonda ni jambo la kuliandika kwenye majibu. Katika miezi ya mwanzo vimelea huwa wengi. Kidonda kikizidi miezi 6 hupungua sana, na slaidi tupu ya kidonda cha mwaka mzima haimwondolei mgonjwa leishmania. Halafu kuna jambo ambalo madaktari wengi huniuliza: kile kipimo cha haraka cha damu kiitwacho rK39, kinachosaidia kwenye kala-azar (leishmania ya viungo vya ndani), hakifai kubaini kidonda cha ngozi. Msikitumie kwa kazi hiyo, wala msifarijike nacho kikitoka hasi.

Rangi ya Ziehl-Neelsen itakuhudumia kwa maradhi mawili yanayohitaji mikono tofauti. Kwa ukoma, sampuli huchukuliwa kwa mtindo ule ule wa kufinya na kukwangua, kutoka ndewe za masikio yote mawili na kwenye doa au uvimbe unaoonekana hai. Mchirizi uwe na urefu wa milimita 5 na kina cha 2 hivi. Masikio yanachaguliwa kwa sababu bakteria huyu hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi. Angalizo la rangi: Mycobacterium leprae huachia rangi nyekundu kirahisi kuliko bakteria wa kifua kikuu. Ukitumia asidi-alkoholi ya kupaushia ya 3% uliyoitengeneza kwa ajili ya makohozi, unaweza kumpausha na kumpoteza kabisa. Tengeneza ya 1% na uiwekee chupa yake na lebo yake. Soma maeneo 100 ya hadubini na uandike kiwango kwa kipimo cha 0 hadi 6+, ambapo 1+ ni bakteria 1 hadi 10 katika maeneo yote 100, 2+ ni 1 hadi 10 katika kila maeneo 10, na 3+ ni 1 hadi 10 katika kila eneo moja. Kuanzia hapo kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia.

Wagonjwa wenye madoa machache ya ukoma, slaidi zao kwa kawaida huwa hasi. Ndivyo ugonjwa ulivyo kwao, na kinga yao ndiyo inayowabana bakteria. Daktari atambue ukoma kwa doa lenye ganzi au mshipa wa fahamu ulionenepa, na kamwe asisubiri slaidi iwe chanya ndipo aanze dawa. Liandike hilo kwenye fomu ya majibu kila mara, hata kama unaona unarudia. Mtu anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya slaidi hasi anaweza kurudi akiwa na mkono uliopinda, na mkono huo hauponi kwa vidonge.

Kwa Buruli, mambo ni mengine. Kama kuna kidonda, pitisha swabu chini ya ukingo uliochimbika, ukiizungusha kuzunguka kidonda chote. Hii ndiyo swabu pekee ninayoikubali. Kama ngozi bado haijapasuka, ni uvimbe au bamba gumu tu, vuta kwa sindano nyembamba kutoka katikati. Utakachoona, ukibahatika, ni mafungu ya vijiti vyekundu katikati ya tishu iliyokufa, nje ya seli. Lakini hata kwa mikono mizuri, hadubini peke yake hukosa wagonjwa wengi, kwa kawaida haifiki 60%. Kuotesha huchukua wiki nyingi, katika joto la nyuzi 29 hadi 33, na hata maabara kubwa hushindwa mara nyingi. Hapa PCR ndiyo yenye neno, ile inayolenga kipande cha vinasaba kiitwacho IS2404, ambacho bakteria huyu anacho kwa nakala zipatazo 200, na Shirika la Afya Duniani linasisitiza wagonjwa wathibitishwe kwa njia hiyo. Wewe kazi yako ni kusoma slaidi, na sambamba na hilo kupeleka swabu ya pili kwenye maabara ya rufaa. Swabu kavu, kwenye mrija uliofungwa vizuri na kuwekwa mahali pa baridi, inatosha kwa PCR.

Sasa maisetoma, na hapa hadubini yako inaweza kuokoa mguu wa mtu. Ugonjwa huu uliingizwa kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2016, na swali lake kubwa ni moja: ni fangasi au ni bakteria? Mgonjwa wa bakteria hutibiwa kwa dawa kama kotrimoksazoli na amikasini. Mgonjwa wa fangasi anahitaji itrakonazoli kwa muda mrefu na mara nyingi upasuaji. Ukikosea hapo, mtu anameza dawa mwaka mzima bila faida huku mfupa ukiliwa. Na swali hilo linajibiwa kwa tone la KOH na kioo cha kufunikia.

Weka shashi safi juu ya matundu usiku kucha na asubuhi utazikuta punje zimenasa, au bora zaidi, zitoke kwenye kinyofu cha ndani alichokata daktari, kwa kuwa za juu huwa zimekufa na kuchanganyika na uchafu. Zioshe kwa maji ya chumvi mara kadhaa. Angalia rangi yake kwa macho kabla ya yote. Nyeusi karibu kila mara ni fangasi, hasa Madurella mycetomatis. Nyekundu ni bakteria, Actinomadura pelletieri. Nyeupe na za njano ndizo zinazohitaji uangalifu, maana pande zote mbili huzitoa. Weka punje moja kwenye KOH ya 20%, subiri ilainike, ifunike na uibonyeze polepole mpaka ipasuke. Kisha pima unene wa nyuzi. Nyuzi za fangasi zina maikromita 2 hadi 5, zina vigawanyo, na pembezoni mwa punje utaona seli zilizovimba. Nyuzi za bakteria ni nyembamba mno, maikromita 1 au pungufu, na kwenye KOH huzioni vizuri. Hapo chukua punje ya pili, iponde kati ya slaidi mbili, tia Gram: zitatokea nyuzi za zambarau zenye matawi. Ukiongeza Ziehl-Neelsen yenye asidi dhaifu ya 1%, Nocardia hubaki na wekundu wake, jamaa zake wengi hupauka. Katika maabara ndogo sijui kazi nyingine ambayo dakika chache namna hii humbadilishia mgonjwa matibabu kwa kiasi hicho.

KOH hiyo hiyo hukupa kromoblastomaikosisi, maradhi mengine ya fangasi wa ngozi, bila rangi yoyote. Tazama uvimbe wenye sura ya chunjua na utafute vidoti vyeusi juu yake. Hapo ndipo ngozi inapomsukuma fangasi atoke nje. Kwangua vidoti hivyo, si ngozi iliyo kando, nawe utaona seli za mviringo zenye kuta nene na rangi ya shaba, zimegawanyika ndani kwa mistari inayokatana. Ukiziona hizo, andika majibu yako bila wasiwasi, hazifanani na kitu kingine. Sporotrikosisi ni kinyume chake: kwenye slaidi karibu haionekani kabisa, lakini ni miongoni mwa fangasi wepesi kuotesha. Chupa ya Sabouraud (chakula cha kuoteshea fangasi) kwenye joto la chumbani, bila kabati la joto la kuoteshea, huonyesha kitu ndani ya wiki moja hivi. Kama siku moja mtaamua kuanza kuotesha, anzeni na hii.

Upele sitaukalia sana. Kwangua mwisho wa njia ya kidudu kwa bledi yenye tone la mafuta ya parafini, utafute kidudu, mayai au kinyesi chake. Usitumie KOH kama unatafuta kinyesi, maana hukiyeyusha. Mgonjwa wa kawaida ana vidudu 10 hadi 15 tu mwili mzima, kwa hiyo kutokiona hakumaanishi hakipo, na vigezo vya kimataifa vya mwaka 2020 vinamruhusu daktari kuutambua upele kwa dalili na historia ya watu wa nyumbani.

Buba ndiyo inayoonyesha hadubini yako inakoishia. Bakteria wake hafungwi na rangi ulizonazo, na hata kwenye hadubini yenye uga wa giza hana tofauti na yule wa kaswende. Kipimo cha haraka cha kingamwili hubaki chanya miaka mingi baada ya mtu kupona, hivyo peke yake hakikuambii kama kidonda cha leo ni buba. Mnahitaji kile chenye mistari miwili, kinachoonyesha pia maambukizi yaliyo hai, au RPR (kipimo cha damu kitumikacho pia kwa kaswende) iambatane na kile cha haraka. Na hata hapo, vidonda vingi vya miguu kwa watoto vinavyofanana kabisa na buba husababishwa na Haemophilus ducreyi, na PCR pekee ndiyo inayowatenganisha hao wawili kwa uhakika.

Umeniambia madaktari hawakuamini. Kabla ya kuzungumza nao, chunguza chupa zako. Methanoli hunyonya unyevu wa hewa, na ikishanyonya, seli zako za Giemsa hutokea zimejaa mashimo na huzitambui. Igawe kwenye chupa ndogo zenye vifuniko vya kubana. Chuja karbo-fuksini, ile rangi nyekundu ya Ziehl-Neelsen, kila unapoitumia. Usioshee slaidi za Ziehl-Neelsen kwenye chombo kimoja zote pamoja, kwani bakteria huhama kutoka slaidi moja kwenda nyingine. Maji ya bomba nayo yanaweza kuwa na bakteria wa mazingira wasiopauka kwa asidi, na hao wamewahi kuleta matokeo chanya ya uongo sehemu nyingi. Tumia maji yaliyochemshwa na kuchujwa, au yaliyotoneshwa. Slaidi ziwe mpya, usizirudie. Kila siku ya kupaka rangi, weka slaidi moja unayojua ni chanya na moja unayojua ni hasi. Kama ile chanya haikuonyesha kitu, majibu ya siku hiyo hayatoki.

Kisha badilisha namna ya kuandika majibu. "Hakuna kilichoonekana" haimsaidii daktari. Hebu linganisha na hili: "Ukwanguaji wa ukingo wa kidonda, slaidi 3, Giemsa. Maeneo 100 yamesomwa, leishmania hawakuonekana. Damu ni nyingi. Kidonda kina miezi 9, kwa hiyo majibu haya hayaondoi leishmania. Napendekeza sampuli irudiwe." Daktari anayesoma hivyo anajua nini kimefanyika, nini hakijafanyika, na afanye nini kesho. Imani hurudi kwa majibu ya namna hii kuliko kwa vikao. Mpigie simu ukiona jambo, mwite aje aangalie kwenye hadubini. Akishaona mwenyewe nyuzi za bakteria kwenye punje ya mgonjwa wake, hataleta tena swabu ya usaha.

Kinyofu kinachokwenda kwa mtaalamu wa tishu kiwekwe kwenye formalini ya 10%. Kinachokwenda PCR kisiguse formalini hata kidogo, kiwekwe kwenye ethanoli ya 70% au zaidi. Kinachokwenda kuoteshwa kiwe kwenye maji ya chumvi yasiyo na vijidudu na kifike upesi. Kinyofu kimoja kinaweza kukatwa vipande vitatu, lakini ni lazima uamue kabla ya kukitumbukiza, kwani formalini haina kurudi nyuma. Na slaidi zako za Giemsa usizitupe: hata baada ya kupakwa rangi, maabara ya rufaa inaweza kukwangua na kupata vinasaba vya leishmania humo.

Kuhusu fedha, nisingenunua mashine. PCR inakuja na umeme usiokatika, kemikali za baridi, fundi na chumba chake, na bila hivyo ndani ya mwaka inafunikwa kitambaa. Ningenunua kwanza bledi namba 15 na slaidi mpya za kutosha, methanoli safi, vidonge vya bafa, karatasi za kuchujia, na lenzi ya mara 100 kama yako imechunika au imeota ukungu. Pili, mikromita ya jicho la hadubini, ile yenye mistari ya kupimia, maana huwezi kutofautisha uzi wa maikromita 1 na wa 3 kwa kukisia. Tatu, vifaa vya kupakia sampuli na nauli ya kuzifikisha maabara ya rufaa, pamoja na makubaliano ya maandishi kwamba majibu yatarudi kwako na si kwa daktari peke yake, ili uyalinganishe na slaidi ulizozihifadhi. Kikibaki kitu, nunua chupa za Sabouraud.